Karabai hii imetoka kwa nani? Kumtambua mtengenezaji wa taa za zamani za kando ya Ziwa Victoria

Uliza pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, karabai hii, yaani taa ya mafuta yenye pampu, ni ya nani, utatajiwa mwenye mtumbwi. Uliza imetoka wapi, utaambiwa ni ya Mjerumani. Jibu la kwanza mara nyingi ni la kweli. La pili ni mazoea tu, kwa sababu Mwanza kila kitu cha kale ni cha Mjerumani: mwembe mkubwa, jengo la kuta nene, sarafu iliyofukuliwa shambani, na sasa taa.

Taa hizi zimeanza kutafutwa upya. Ziwani wavuvi wa dagaa wamehamia kwa wingi kwenye taa za betri na za sola, na karabai walizotumia baba zao zimebaki stoo, mvunguni mwa vitanda na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Upande wa pili wapo wenye hoteli, wenye migahawa na watu wanaopenda kupamba sebule. Hao wanazitaka karabai, na wanazitaka pia taa za mezani zilizotoka kwenye nyumba za misheni, viwanda vya kuchambulia pamba na nyumba za maofisa. Muuzaji anapiga picha moja, anaandika "Petromax orijino ya Mjerumani", bei inapanda. Mnunuzi naye hana pa kushika.

Nimewaandikia hao wote wawili, hasa muuzaji anayependa kusema kweli. Taa ninazozizungumzia ni zile za kati ya miaka ya 1930 na 1970, kwa kuwa ndizo zilizojaa mikononi mwa watu huku kwetu na ndizo zinazosingiziwa ukoo usio wao.

Jina moja, wenyewe wengi

Ugumu wote unaanzia kwenye jina. Maandishi unayoyasoma kwenye taa yanaweza kuwa ya kiwanda kilichoiunda. Yanaweza pia kuwa ya kampuni yenye chapa, iliyokipa kazi kiwanda kingine. Yanaweza kuwa ya mfanyabiashara aliyeagiza mzigo na kutaka jina lake liandikwe. Na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ni jina la aliyetengeneza kipuri kimoja tu. Mtu akisoma "Schott" au "Jena" kwenye kioo, akatangaza kwamba taa imetengenezwa na Schott, ametaja kiwanda cha glasi na kumwacha mwenye taa.

Mfano mzuri ni Bialaddin, karabai ya Kiingereza iliyosambaa sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukiisoma utadhani imetoka mikononi mwa Aladdin, kampuni maarufu ya taa. Chapa ni ya Aladdin kweli, kwa maana ya Aladdin Industries ya Greenford, pembeni mwa London. Lakini aliyekata shaba, akaibana na kuiunganisha ni Willis & Bates wa Pellon Works, mjini Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Willis & Bates hao hao waliuza karabai karibu sawa na hiyo kwa jina lao wenyewe, Vapalux. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na Bialaddin na Vapalux mezani, akabishana na mwenzake ipi bora, kumbe zote mbili zimetoka chini ya paa moja.

Ndiyo maana swali "nani ameitengeneza?" halijibiwi kwa kusoma neno kubwa kuliko yote kwenye tangi. Neno kubwa ni la biashara. Mtengenezaji hujificha kwenye maandishi madogo, chini ya tangi au kuzunguka shingo yake, na wakati mwingine kwenye anwani tu.

Zilifikaje huku

Kidogo cha historia kinasaidia kukata uvumi. Mizigo ya Mwanza ilikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni Kisumu, ambako reli kutoka Mombasa ilifika 1901, na meli zikavusha bidhaa ziwani. Wa pili ni reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza 1928. Milango yote miwili, tangu mwanzo wa miaka tunayoizungumzia hadi uhuru, ilikuwa chini ya Waingereza. Wajerumani waliondolewa Mwanza Julai 1916.

Hii haimaanishi taa za Ujerumani hazikuja. Zilikuja nyingi mno, lakini kama bidhaa ya dukani iliyoagizwa na wafanyabiashara. Askari wa Kaisari hakuacha karabai nyuma alipokimbia. Karabai ya Ujerumani iliyonunuliwa dukani kwa Mhindi mwaka 1955 kwa fedha za pamba ni taa halali ya Ujerumani, na haina uhusiano wowote na boma la Mjerumani. Zipo pia taa za Uingereza, Sweden, Marekani, Ureno, Hong Kong, na baadaye China.

Tazama inavyowaka kabla ya kusoma

Watu wengi wakishika taa ya zamani hukimbilia maandishi. Mimi naona maandishi yangoje. Maandishi yanaweza kufutika, kofia inaweza kubadilishwa, lakini namna taa ilivyoundwa kutoa mwanga haidanganyi. Hiyo peke yake inakupunguzia orodha ya watuhumiwa kwa zaidi ya nusu.

Chemli, ile taa ya kubeba yenye utambi bapa na mikono miwili ya bati inayopanda pembeni ya kioo, ni ukoo wake peke yake. Humo utakutana na Dietz wa Marekani, aliyeanza kazi ya taa mwaka 1840, na Feuerhand wa Ujerumani, kiwanda cha Hermann Nier kilichokuwa Beierfeld, Saxony, kisha baada ya vita kikahamia Hohenlockstedt kaskazini. Nembo ya Feuerhand ni mkono ulioshika moto. Ukiona Dietz yenye neno Hong Kong, ni ya baada ya 1956, mwaka ambao Dietz walifungua kiwanda huko. Chemli nitaiacha hapo, maana haina fumbo kubwa.

Taa ya mezani yenye utambi wa duara na juu yake kile kifuko cheupe chembamba kinachong'aa, bila pampu yoyote, karibu kila mara ni Aladdin. Hiyo nayo ina mambo yake, nitairudia.

Iliyo na pampu ndiyo karabai, na hapa pana siri moja ambayo mafundi wa zamani wanaijua kwa vidole bila kuisema. Tazama kile kifuko kinavyofungwa. Kama kimefungwa juu na chini, na mrija wa kuchemshia mafuta unapita katikati yake kama mkuki, basi unashika taa ya mtindo wa Kiingereza: Tilley, Vapalux au Bialaddin. Kama kifuko kinaning'inia, kimefungwa upande wa juu tu, na mrija unapanda kando yake, huo ni mtindo wa Kijerumani au wa Kimarekani. Kisha angalia kilichoshika kifuko hicho kinachoning'inia. Nozeli nyeupe ya udongo wa kuchomwa inakupeleka kwenye ukoo wa Petromax. Kama juu ya kifuniko cha tangi pana geji ndogo ya presha yenye mstari mwekundu, ukoo umethibitika.

Nasema ukoo kwa makusudi. Umbo linakwambia familia tu, na familia ya Petromax ina ndugu wengi, wa halali na wa haramu.

Petromax na walioiga

Kampuni ya Ehrich & Graetz ilianzishwa Berlin mwaka 1866 kama kiwanda cha taa. Karabai ya mafuta ya taa ilikuja kizazi kilichofuata, karibu 1910, chini ya Max Graetz, ambaye jina lake limo ndani ya hilo la Petromax. Taa ilifaulu kupita kiasi. Ikaigwa duniani kote, na hapo ndipo shida ya mnunuzi wa Mwanza ilipozaliwa.

Walioiga hawakuiga sura tu. Vipuri vya Petromax vina namba, na waigaji wengi walichukua namba zile zile ili vipuri vyao viingie kwenye taa ya mwenzao na vyake viingie kwao. Kwa mvuvi hilo lilikuwa jambo la heri, kwa kuwa angeweza kununua nozeli yoyote dukani Nansio, kisiwani Ukerewe, na usiku huo huo akaingia ziwani. Kwa anayetafuta mtengenezaji ni balaa. Namba kwenye kipuri haisemi lolote kuhusu nani alikitengeneza.

Namba za kwenye tangi nazo zinapotosha. Nimewaona watu wakisoma 829 na kuifanya namba ya siri ya kiwanda, au wakisema taa ni "ya 500" kana kwamba ziko mia tano duniani. 829 ni modeli. 500 ni nguvu ya mwanga kwa kipimo cha mishumaa. Zipo pia za 350 na 200. Herufi zinazofuata namba hiyo ndizo zenye faida: HK ni kipimo cha Kijerumani cha zamani, CP ni cha Kiingereza, na taa iliyoandikwa CP ilitengenezwa ikilenga masoko yanayosoma Kiingereza, kama lilivyokuwa la Tanganyika. Neno "Rapid" halitaji kampuni nyingine. Linaelezea kile kifaa cha pembeni kinachopasha mrija moto kwa kupuliza mwali, badala ya kijikombe cha spiriti.

Sasa angalia nchi iliyoandikwa. "Germany" au "Made in Germany" peke yake inaweza kuwa ya kabla ya vita. "Western Germany" au "West Germany" haiwezi: nchi hiyo ilikuwepo kuanzia 1949 hadi 1990. Kiwanda cha zamani cha Graetz kilikuwa Treptow, upande wa Berlin ulioangukia kwa Warusi, kikataifishwa; familia ikaanza upya Altena, upande wa magharibi. Karabai yenye maneno "Western Germany" kwa hiyo ilizaliwa zaidi ya miaka 30 baada ya Mjerumani kuondoka Mwanza. Neno moja dogo limemaliza hadithi yote ya boma.

Kati ya walioiga, wa Ureno ni Hipolito, kutoka Torres Vedras, na hao walifanya kazi ya heshima. Hipolito nzuri sioni aibu kuiweka jirani na Petromax. Wa China utawakuta kwa majina kama Anchor, Sea Anchor na Butterfly, na hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa ziwani katika miaka ya karibuni kwa sababu ya bei. Si taa mbaya. Zimelisha watu. Lakini kuziuza kama za Berlin ni wizi, hata kama kofia iliyoko juu yake imeandikwa Petromax.

Jambo jingine la kuangalia: jina Petromax halijafa. Linauzwa leo na kampuni ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo siyo ile ya Graetz. Ukiona HK500 inang'aa, kofia haina hata alama ya masizi, na mwenyewe anasema ilikuwa ya babu, muulize babu alifariki lini.

Waingereza wa Hendon na Halifax

Tilley ni jina la kiwanda na la chapa kwa pamoja, na hiyo ni nafuu kubwa. Kampuni ilikuwa Hendon, London, tangu 1915, na baadaye ikahamia Ireland ya Kaskazini. Anwani hiyo ndiyo ya kuitafuta. Tilley iliyogongwa Hendon ni ya zamani kuliko iliyogongwa Belfast, hata kama zote mbili zina sura moja. Modeli unayoweza kukutana nayo zaidi ni X246, karabai ya kubeba iliyotoka mara tu baada ya vita. Ya mezani ni TL10: tangi la shaba kama bakuli lililofunikwa, shina linasimama wima, kioo kipana juu. Hiyo TL10 ndiyo wenye migahawa wanaigombania, na wengi wanaiita Aladdin kwa sababu tu iko mezani. Ina pampu. Aladdin ya utambi haina.

Vapalux na Bialaddin nimekwisha zieleza. Niongeze kwamba Vapalux za jeshi la Uingereza, modeli M320, baadhi yake zimegongwa alama ya mshale na mwaka. Hiyo ni zawadi. Hakuna haja ya kukisia tena.

Alama ya kugongwa, majivu na ndimu

Hapa ndipo taa nyingi zinapopoteza kumbukumbu zake. Mtu akipata karabai nyeusi ya masizi, jambo la kwanza analofanya ni kuing'arisha. Anachukua majivu na ndimu, au msasa, na anasugua mpaka shaba inatoa macho. Inapendeza, lakini alama za kiwanda kwenye tangi la shaba aghalabu zimegongwa kwa kina kidogo sana, na msasa hauulizi. Nimeshika Tilley ambayo nusu ya maandishi kwenye mzunguko wa tangi yalikuwa yamebaki kama kivuli, "...LEY LAMP CO" na kisha uwanja mtupu uliong'aa.

Fanya hivi badala yake. Osha tangi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, tumia mswaki wa zamani kuzunguka shingo, halafu likaushe. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu na uilaze kando kabisa, mwanga uteleze juu ya chuma badala ya kukipiga usoni. Herufi ambazo mchana huzioni zitainua vivuli vyake. Pale zilipokataa, weka karatasi nyepesi juu na upitishe penseli kwa ulalo, bila kukandamiza. Pitia chini ya tangi, kuzunguka mdomo wa kujazia mafuta, kichwa cha pampu, gurudumu la kufungulia, ukingo wa kofia. Andika ulichokiona kila mahali kando kando; usichanganye.

Sumaku nayo ibaki mfukoni. Tangi la shaba haliivuti hata likiwa limepakwa kromu. Tangi la chuma lililopakwa rangi ya shaba litaing'ang'ania.

Tarehe hupatikana kwa bahati na kwa kujua pa kutazama. Coleman wa Wichita, Kansas, ndiye rahisi kuliko wote: chini ya tangi amegonga mwezi na mwaka, 6 upande mmoja na 62 upande wa pili, ndiyo Juni 1962. Za zamani zaidi zina herufi badala ya mwezi, A kwa nusu ya kwanza ya mwaka na B kwa nusu ya pili. Bahati mbaya Coleman hazikuja huku nyingi kama za Uingereza na Ujerumani.

Kwa wengine tumia namba za hataza, yaani za usajili wa uvumbuzi (patent). Bidhaa ya Marekani yenye namba ya hataza inayoanzia 2,185,170 na kuendelea haiwezi kuwa ya kabla ya 1940. Inayoanzia 2,492,944 haiwezi kuwa ya kabla ya 1950. Inayoanzia 2,919,443 ni ya 1960 au baadaye. Angalia lakini mantiki yake: namba inakupa mwaka ambao taa haiwezi kuwa imetangulia. Haikupi mwaka iliotengenezwa. Kiwanda kinaweza kuendelea kugonga namba ile ile miaka mingi. Kwa Wajerumani, herufi D.R.P. na D.R.G.M., alama za usajili wa uvumbuzi na ubunifu, ni za enzi ya dola ya zamani iliyoishia 1945. Kwa Japani, "Occupied Japan" ni kati ya 1945 na 1952 tu.

Kwa nini kila taa ina nchi? Kwa sababu ya sheria ya Uingereza ya 1887, iliyotaka bidhaa za kigeni zisijifanye za Kiingereza. Wajerumani walilazimishwa kuandika walikotoka ili waaibike. Miaka michache baadaye wateja wakawa wanayatafuta maneno hayo hayo.

Taa iliyofanya kazi haina mtengenezaji mmoja

Sasa tufike mahali ambapo vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya havitusaidii. Wao wanachunguza taa zilizokaa kabatini. Zetu zilikuwa kazini. Karabai ya dagaa iliwekwa juu ya ubao unaoelea, ikapigwa na mawimbi usiku wa giza baada ya usiku wa giza, ikapumzika mbalamwezi tu. Kioo kilipasuka kwa tone moja la maji. Kofia ya enameli ilitoboka, fundi akakata nyingine ya bati. Miguu ya fremu ilikatika, ikafungwa waya. Pampu ikaletwa nyingine, geji ikatupwa, mahali pake pakazibwa kwa boliti.

Taa kama hiyo ni sawa na baiskeli ya mzee iliyobadilishwa magurudumu, usukani na tandiko: unaiita Phoenix kwa sababu ya fremu. Fremu ya karabai ni tangi. Ndilo sehemu ghali kuliko zote na ngumu kuiiga nyumbani, kwa hiyo ndilo lililobadilishwa mara chache. Mimi hukata shauri kwa tangi. Tangi likisema Halifax, taa ni ya Willis & Bates, hata kama kioo ni cha China na kofia ni ya Kirumba. Tangi likiwa kimya kabisa, majina yaliyoko juu yake yote ni ushahidi wa kusikia.

Aladdin inavunja kanuni hii, na ndiyo sababu nilisema nitairudia. Pale modeli imeandikwa kwenye kitufe cha kupandishia utambi, yaani kwenye kichwa cha taa, wala si kwenye chombo cha mafuta. Na kichwa hicho hufunguka kwa mkono. Kwa hiyo kitufe kinakupa umri wa kichwa, chombo cha mafuta kikawa na umri mwingine. "Nu-Type Model B" ni ya kati ya miaka ya 1930 na katikati ya 1950. Model 21C ni ya miaka ya 1960, na Model 23 ilianza 1969. Ukisoma "Mantle Lamp Company, Chicago" ujue ni ya kabla kampuni haijahamia Nashville na kubadili jina kuwa Aladdin Industries, jambo lililotokea 1949. Yenye anwani ya Greenford ni ya tawi la Uingereza. Kwenye nyumba za misheni ya Wamarekani ungetegemea Chicago, kwenye nyumba za Waingereza Greenford, lakini taa zilihama na wageni wao, kwa hiyo usiuze kwa kutegemea.

Za umeme

Taa za mezani za umeme ni chache zaidi mikononi mwa watu, na mtego wake ni mmoja mkubwa: holda ya balbu. Mtu anasoma Crabtree au MK na kufurahi. Hao ni watengenezaji wa swichi, holda na plagi. Holda zao zimo kwenye taa za viwanda vingi. Kwenye taa za Marekani jina la namna hiyo ni Leviton. Anayetaka jina la kweli apindue taa atazame chini ya kitako, chini ya kile kitambaa kizito cha kuzuia meza isikwaruzike. Kama taa ni ya udongo, huenda sahihi imechorwa ubavuni, chini karibu na nyuma, kabla udongo haujachomwa; hivyo ndivyo walivyofanya Gordon na Jane Martz wa Indiana, ambao taa zao zinauzwa ghali Marekani.

Ile ya ofisini yenye mkono wa chuma na springi, inayoinama na kusimama popote unapoiachia, ni Anglepoise au mwigo wake. Mhandisi George Carwardine aliibuni mwaka 1932, na Herbert Terry & Sons wa Redditch, watengeneza springi, wakaiunda. Modeli 1227 ya 1935 ina kitako cha mraba chenye ngazi. Jina la Terry limegongwa kwenye chuma. Waya usikupe tarehe. Nyekundu, nyeusi na kijani ni rangi za Kiingereza za kabla ya 1970, kahawia, bluu na kijani yenye njano ni za baada ya hapo, lakini waya ndicho kitu cha kwanza fundi anachobadilisha.

Isiyo na jina

Zipo ambazo hazitasema. Umeosha, umemulika, umepitisha penseli, hakuna kitu. Hapo andika "haina alama, mtindo wa Petromax" au "mtindo wa Tilley", na bei iendane na maneno hayo. Mnunuzi makini anamwamini zaidi muuzaji wa namna hii, na atarudi.

Wapo pia wanaofungua karabai za zamani wakitafuta zebaki nyekundu waliyoisikia kwenye vijiwe. Ndani ya karabai kuna mafuta, hewa, sindano ya waya na masizi. Hakuna zebaki ya rangi yoyote, na mrija ukishapasuliwa kwa msumeno taa imekufa bure. Kinachostahili hadhari ni vile vifuko vya zamani, ambavyo vilitiwa thoriamu ili ving'ae, nayo ina mionzi kidogo. Majivu yake usiyapulize wala usiyavute puani.

Na kabla hujaiwasha kumwonyesha mteja, tazama tangi kama limelehemiwa. Lehemu ya risasi kwenye tangi la presha inaweza kuachia likipata joto. Likiwa na kiraka, iuze ya mapambo, na kiraka hicho kiandike kwenye tangazo pamoja na mengine: tangi Vapalux, Halifax, limelehemiwa upande wa pampu, kioo cha China, kofia ya bati, kazi ya fundi wa Mwanza, haiwashwi.